Biskuti za Chuma za Waitaliani

Safari hii twaacha kidogo mambo ya mashamba na bei, tuingie jikoni, na khasa twazungumza na mabibi wa wanachama, ingawa mabwana nao hawakatazwi kusikiliza.

Katika nchi ya Italia, upande wa mashariki ya Roma, liko jimbo la milima liitwalo Abruzzo. Huko hupikwa biskuti nyembamba sana ziitwazo pizzelle. Wengine huziita ferratelle, yaani za chuma, kwa kuwa haziingii katika tanuri wala kikaangoni. Hubanwa baina ya sahani mbili nzito za chuma zilizoungwa kwa bawaba, zenye mikono mirefu, na ndani zimechorwa maua au miraba kama ya wavu. Zamani bibi arusi alipewa chuma hicho katika vyombo vyake, pengine kimechorwa herufi za jina la ukoo. Watu wa Abruzzo walipohamia Marekani kwa wingi, walichukua na vyuma vyao. Siku hizi viko na vya umeme.

Tuliazima kimoja tukakijaribu juu ya jiko la makaa. Hatufichi: tatu za mwanzo zilinata zikachanika, na watoto waliokuwa wakingoja wakatucheka. Tulifanya haraka, chuma hakijapata moto. Kwanza kipashe pande zote mbili, ukipake mafuta, mpaka tone la maji likidondoka liruke.

Kipimo ni chepesi. Kila yai 1 litiliwe kijiko kikubwa 1 cha sukari, 1 cha mafuta, na vijiko kama 3 vya unga wa ngano. Piga mayai na sukari kwanza, kisha mafuta, unga mwisho. Hamira haihitajiwi. Rojo liwe zito, liteleze polepole kutoka kijikoni. Tia kijiko kimoja katikati ya chuma, bana, geuza baada ya nusu dakika, na ukiona mvuke umepungua, fungua.

Wenyewe hutia anisi, mbegu yenye harufu karibu na bizari tamu yetu, au ganda la limau. Sisi, wakulima wa karafuu, tungewezaje kujizuia? Waitaliani huiita karafuu chiodo di garofano, na sikio lasikia undugu wa majina hayo mawili. Tulitwanga karafuu 6 kwa mayai 3, ulimi ukafa ganzi. Mara ya pili tulitia 2, zikatosha kabisa.

Jambo gumu kwetu visiwani ni unyevu. Biskuti hii, mfano wa karafuu jamvini, haifai mpaka ivunjike kwa sauti. Zitandaze mbalimbali zipoe, usizipange zingali moto, kisha zitie katika kopo la bati lenye kifuniko cha kukaza. Letu liliachwa wazi usiku mmoja wa mvua, na asubuhi zote zilikuwa laini kama kitambaa. Tulizirudisha moja moja juu ya chuma chenye moto mdogo, zikakauka tena, na hazikufika alasiri.