"Mtandao Unasumbua": Kauli Moja, Hitilafu Tatu

Miongoni mwa kauli zinazosikika kila siku majumbani mwetu ni hii: "Mtandao unasumbua." Kauli hii ni fupi na kila mtu huielewa, lakini fundi aisikiapo huwa bado hajaambiwa kitu. Ni sawa na mgonjwa amwambiaye daktari kuwa mwili unasumbua. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno mtandao, kama litumikavyo katika nyumba yenye kipakatalishi, limebebeshwa vitu vitatu tofauti. Asiyevitenga vitu hivyo kwa majina huenda akalipia dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Tutoe mfano. Mmoja wetu alisumbuliwa kwa majuma kadhaa na mawasiliano yaliyokuwa yakikatika katikati ya mikutano ya kazi. Alipolalamika kwa mtoa huduma kuwa mtandao unasumbua, alishauriwa anunue kifurushi chenye kasi kubwa zaidi. Alikinunua, na hali ikabaki vile vile. Baadaye ilibainika kwamba ruta yake ilikuwa imewekwa nyuma ya kabati la chuma. Mtoa huduma alielewa mtandao wa nje. Uliokuwa na kasoro ni wa ndani. Fedha zilipotea kwa sababu ya neno moja.

Njia ya mawasiliano ya nyumbani ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipakatalishi, yaani kompyuta ya kupakata. Ya pili ni mawimbi ya redio yanayokiunganisha kipakatalishi na ruta. Ruta ni kile kifaa kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa kwa vifaa vya nyumbani. Ya tatu ni njia itokayo kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma, iwe kwa waya au kwa laini ya simu. Mara nyingi alama ya mawimbi ionekanayo kwenye kioo cha kipakatalishi hupima sehemu ya pili tu. Ndiyo maana alama hiyo inaweza kujaa kabisa na intaneti isiwepo.

Ili kujua kasoro iko wapi, tunapendekeza majaribio mawili.

(a) Chukua simu, uiunganishe na ruta ile ile, ukiwa mahali pale pale. Uzime kwanza data za simu yenyewe, ama sivyo itapita njia yake na kukudanganya. Ikiwa simu inafanya kazi vizuri na kipakatalishi hakifanyi, kasoro imo katika kipakatalishi.

(b) Ikiwa vyote viwili vinashindwa, kiunganishe kipakatalishi na ruta kwa waya. Waya ukifanya kazi, kasoro ni ya mawimbi. Waya nao ukishindwa, ruta yenyewe au njia ya nje ndiyo ya kuchunguzwa. Palipo na umeme wa kukatika, tusisahau kwamba kipakatalishi huendelea kwa betri hali ruta imekwisha zimika.

Kasoro za kipakatalishi si nyingi. Huenda mpango wa kubana umeme unakizima kifaa chake cha mawimbi ili kuhifadhi betri. Huenda kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa hicho, kimepitwa na wakati. Aidha, anwani ya kompyuta ikionekana kuanza na 169.254, maana yake ni kwamba kipakatalishi hakikupewa anwani na ruta, kikajipa chenyewe. Hapo inafaa kuizima ruta na kuiwasha tena, kisha kuunganisha upya.

Sehemu ya mawimbi ndiyo yenye mambo mengi, na hapa istilahi nayo yahitaji uangalifu. Neno masafa lina maana mbili: umbali, na pia idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ipimwayo kwa hezi. Mtu akisema "masafa makubwa yana masafa mafupi", atasema kweli lakini hataeleweka. Sisi tutaacha neno masafa kwa mitetemo, na umbali tutauita umbali.

Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana msongamano. Chaneli zake zimeachana kwa megahezi 5 tu, hali kila ruta huchukua takriban megahezi 20. Kwa hiyo ruta za majirani huingiliana. Katika chaneli 11 za kwanza, ni ya 1, ya 6 na ya 11 tu ziwezazo kutumika pamoja bila kugongana. Jiko la maikrowevu nalo hufanya kazi karibu na masafa hayo hayo. Masafa ya 5 yana nafasi na kasi zaidi, ila hudhoofika upesi mbele ya ukuta. Katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukuta mnene mmoja waweza kutosha kuyafifisha. Dawa ni kuiweka ruta mahali palipoinuka, katikati ya nyumba, mbali na chuma. Lakini ruta itumiayo laini ya simu hupenda dirisha, ili iyapate mawimbi ya mnara; hapo mwenye nyumba hana budi kujaribu mahali mbalimbali hadi sehemu zote mbili ziridhike.

Basi, badala ya kusema "mtandao unasumbua", tuzoee kusema: "Kipakatalishi changu peke yake hakishiki", au "Mawimbi ya ruta hayafiki chumbani", au "Ruta inawaka, lakini intaneti haiingii." Kila moja ya kauli hizi inamwonyesha fundi pa kuanzia, na inamkinga msemaji asiuziwe asichokihitaji. Wasomaji walio na maneno mengine yatumikayo kwao kwa vitu hivi tunawaomba watuletee, tuyapime pamoja.