Kurusha Ndege ya Kuigiza kwa Usalama: Mambo ya Kujua Kabla ya Mara ya Kwanza

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa Kariakoo zimo ndege ndogo za kuigiza zinazoongozwa kwa rimoti. Mzazi humnunulia mtoto kama zawadi, na kijana hununua kwa hamu ya kujifunza urubani. Hata hivyo, ndege hizo si tiara. Ndege yenye uzito wa kilo 1 inayokwenda kasi ya kilomita 50 kwa saa humgonga mtu kwa nguvu inayokaribia ile ya jiwe la kilo 1 lililoangushwa kutoka urefu wa mita 10, yaani kimo cha ghorofa ya tatu. Katika mitaa yenye msongamano kama Kongo na Msimbazi, chombo hicho hakina mahali salama pa kuangukia.

Idhini hutangulia

Anga la nchi husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake vina kanuni zake za mwaka 2018, na kuvirusha huhitaji idhini. Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kimo ndani ya Jiji, na katikati ya Jiji zipo Ikulu na bandari. Inampasa mkazi aiulize Mamlaka kabla ya kununua, akieleza aina ya ndege, uzito wake na mahali anapokusudia kuirushia. Ruhusa ya mwenye uwanja huhusu ardhi tu. Haiwi idhini ya kutumia anga.

Mahali na wakati

Mitaa ya Kariakoo na mapaa ya maghorofa hayafai kabisa. Mnazi Mmoja na Jangwani, ingawa ni wazi zaidi, yamezungukwa na barabara kuu na watu wengi. Mwanafunzi anahitaji eneo tambarare lenye ukubwa usiopungua viwanja viwili vya mpira, lisilo na watu, miti wala nyaya za umeme. Eneo la namna hiyo hutafutwa nje ya katikati ya Jiji.

Saa nzuri ni asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Wakati wa Kaskazi au wa Kusi, siku yenye upepo mkali iachwe ipite.

Ukaguzi kabla ya kuruka

Ndege inayomfaa anayeanza ni ya povu jepesi, yenye bawa lililo juu ya kiwiliwili, kwa kuwa hutulia yenyewe hewani. Kabla ya kuirusha, mambo matatu yakaguliwe:

1. Uwiano wa uzito. Ndege ishikwe kwa vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipotajwa katika maelekezo yake. Ikae sawa au iinamishe pua kidogo. Ndege yenye mkia mzito haiongozeki.

2. Mpangilio wa kuwasha. Rimoti huwashwa kwanza, ndipo betri ya ndege iunganishwe. Wakati wa kumaliza, betri ya ndege hutolewa kwanza na rimoti huzimwa mwisho. Anayekosea mpangilio huo huenda akakatwa na rafadha inayozunguka ghafla.

3. Mwelekeo wa usukani. Rimoti ikielekezwa kulia, usukani nao uelekee kulia.

Hewani

Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Ipandishwe moja kwa moja hadi mita 30 hivi kabla ya kukata kona, kwani kosa linalotokea juu hupata nafasi ya kurekebishwa. Inapomwelekea mrushaji, kulia na kushoto hubadilishana machoni pake. Hapo ndipo wengi huangusha. Dawa yake ni kusogeza kijiti cha rimoti upande wa bawa lililoinama. Dakika 5 zinatosha kwa safari ya kwanza, na mtu mwenye uzoefu asimame kando. Ndege ikishindikana kuongozwa, mota izimwe mara moja: heri kupoteza ndege kuliko kumjeruhi mpita njia.

Ikinasa kwenye nyaya za umeme, mtu asiifuate kwa fimbo wala ngazi. TANESCO wapewe taarifa.

Betri nyumbani

Betri za lithiamu hushika moto zikitobolewa, zikivimba au zikichajiwa kupita kiasi. Zichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na mapazia na magodoro, na mtu mzima akiwa macho. Katika jengo la ghorofa, betri ya chumba kimoja huhatarisha familia zote. Moto ukitokea, watu watoke kwanza, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu kwa namba 114.