Konokono Avumiliaye Jua la Mwambani

Siku utakapofika pwani, Mombasa au Dar es Salaam, usitazame vyombo tu. Ngoja maji yakipwa, uinamie miamba ya matumbawe. Juu kabisa, mahali ambapo mawimbi hurusha matone tu, utaona vitu vidogo kama punje za mahindi vimeganda jiweni. Usidhani ni changarawe. Ni konokono wa bahari, tena wengi wao ni wazima.

Je, mnyama wa baharini aishije pale? Adhuhuri jiwe huwaka hata huwezi kulikanyaga kwa mguu mtupu. Wakati wa maji mafu, bahari yaweza kukaa siku kadhaa isimfikie. Huko Brunei, katika Asia, wataalamu waliwapima wenzake wakaona wanastahimili joto lipitalo digri 50. Samaki angekufa mara!

Hila yake ni hii. Jua likizidi, huuvuta mguu wake ndani na kufunga mlango kwa kifuniko kigumu kama ukucha. Lakini mguu ukiisha kuondoka, atashikamana na nini? Hupaka ute kwenye ukingo wa gamba. Ute ukikauka huwa gundi, nalo gamba hubaki limening'inia, likigusa jiwe mahali padogo tu. Basi joto la jiwe halimpati sana, wala maji kidogo aliyoyaweka ndani hayakauki upesi. Wengine hupunguza hata mapigo ya moyo. Wengine hupandana, mmoja juu ya mgongo wa mwenziwe, ili kuliepa jiwe.

Maji yakirudi, huamka na kula. Ulimi wake ni utepe wenye safu nyingi za meno madogo mno, ambao kwao hukwangua mwani mwembamba uliotanda jiweni. Meno ya mbele yakilika, mapya huja kutoka nyuma. Tupa ya fundi wetu haina bahati hiyo!

Ila kuzaa nchi kavu hawezi. Wengi wa jamii hii huachia mayai baharini, na watoto huchukuliwa na mikondo kwa majuma kadhaa kabla ya kupata mwamba.

Akifa, nyumba haikai tupu. Yuko kaa mmoja mwenye tumbo laini, asiye na gamba la kumfunika nyuma. Huyo huingia na kuhama nayo. Basi wanao wakitaka kuokota magamba, waambie wachungulie kwanza kama hamna mpangaji ndani.