Injinia wa Marekani aliyejigeuza avoka ili kutetea uvumbuzi wake

Robert Kearns, injinia wa muji wa Detroit huko Marekani, alisimama mwenyewe mbele ya tribinali, akipambana na kompanyi kubwa za motokari.

Katika mwaka wa 1964, aliomba hati ya uvumbuzi kwa mutambo wa umeme unaofanya fimbo za kupangusa kioo zipanguse, zipumzike kidogo, kisha zianze tena wakati mvua ni ndogo. Aliuonyesha kwa Ford. Baadaye Ford ikauzisha motokari zenye mutambo wa namna hiyo bila yeye. Alishitaki Ford mwaka wa 1978, na Chrysler mwaka wa 1982.

Ford ilijitetea kwamba vipande vyote vilikuwa vinajulikana tangu zamani. Kearns alishikilia kwamba kipya ni namna ya kuviunganisha. Mwaka wa 1990, Ford ililipa dola milioni 10.2. Katika kesi ya Chrysler, Kearns mwenyewe aliuliza mashahidi maswali, na akapata karibu dola milioni 30.

Lakini kuwa avoka wake mwenyewe kulimugharimu. Kesi zake na kompanyi zingine zilifutwa kwa sababu alichelewa kutoa karatasi. Na alichotaka zaidi, kutengeneza mutambo huo katika kiwanda chake, hakukipata mpaka kifo chake, mwaka wa 2005.