Shakwe Hufuata Tarehe, Heroe Hufuata Maji

Kasese iko jirani kabisa na ikweta. Mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hivyo anayetaka kujua mwaka umefika wapi hutazama mvua, mashamba ya pamba au ndege. Mimi hutazama ndege, na kijiwe changu ni Munyanyange, ziwa dogo la magadi nje kidogo ya mji wa Katwe.

Wanaotembeza watalii husema heroe, yaani flamingo, huja Agosti na kuondoka Novemba. Mara nyingi ndivyo ilivyo, ila heroe hana kalenda. Chakula chake ni mwani unaostawi katika maji ya magadi yenye kina kifupi. Mvua ikiyazimua maji hayo, mwani hupungua. Jua likiyakausha, hakuna cha kuchuja. Wachimba chumvi wa Katwe wanaielewa hali hiyo, maana mvua ikizidi, vidimbwi vyao navyo havigandishi chumvi. Heroe huhama, aghalabu usiku, kwenda maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Hata kuzaliana hawazaliani hapa. Kwa Afrika Mashariki kazi hiyo hufanyika hasa Ziwa Natron, Tanzania. Basi ukikuta ziwa tupu Septemba, chungulia maji kabla ya kulaumu majangili.

Shakwe wenye mgongo mweusi ni habari nyingine. Hutua kuanzia Novemba na kukaa hadi Aprili hivi. Jamii yao huzaliana Finlandi na kandokando ya Bahari ya Baltiki, na kinachowaondoa huko ni baridi na siku kufupika. Munyanyange liwe limefurika au limebaki tope, wao watakuja tu. Likiwakataa, watafute Mfereji wa Kazinga, pamoja na mwari.

Asiyeweza kufika Katwe aanze na nyaya za umeme pale Bwera. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye koo jekundu na mkia wa panda ndefu, huonekana kuanzia Septemba, na ikipita Aprili ni nadra kumwona. Usimchanganye na mbayuwayu wa Angola, mwenyeji wetu wa mwaka mzima, ambaye tumbo lake ni la kijivu na mkia wake mfupi zaidi.

Andika tarehe, hali ya maji na mvua ya wiki hiyo. Andika pia siku ulizokwenda usione kitu. Wengi huziruka, kisha hawawezi kusema kama heroe walichelewa mwaka huu au wao wenyewe ndio hawakwenda.