Lubumbashi: Kwa nini motere hutetemeka klimatizeri inapowashwa

Mwezi wa kumi ndio wenye joto kali Lubumbashi. Mvua bado haijashika, vumbi la kiangazi lingali barabarani, na abiria wa teksi humwomba dereva afunge vioo awashe klimatizeri. Hapo ndipo shida huanza kwa magari mengi yaliyochakaa: gari iliyosimama kwenye foleni hutetemeka, taa hufifia, na wakati mwingine motere huzimika. Wengi husema klimatizeri imekufa. Mara nyingi kosa haliko kwake.

Klimatizeri inasukumwa na motere yenyewe. Mkanda unazungusha kompresa, na kompresa inakula nguvu. Gari ikiwa mwendoni, dereva hasikii sana tofauti. Lakini kwenye ralanti, motere ya esanse huzunguka kati ya mara 650 na 850 hivi kwa dakika, ikiwa na nguvu ya kujiendesha tu. Mzigo ukiongezeka ghafla, inalemewa.

Ndani yake kuna jambo lisiloonekana: mvuto wa hewa. Dereva asipokanyaga mafuta, kipepeo cha kuingizia hewa karibu kinafungwa, huku pistoni zikiendelea kuvuta. Kando ya bahari, motere yenye afya huonyesha mvuto wa sentimeta 45 hadi 55 za zebaki. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1.200 hivi, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo kipimo hushuka kwa karibu sentimeta 10. Fundi asiyejua hilo anaweza kufungua motere isiyo na ugonjwa.

Klimatizeri inapowashwa, kompyuta ya gari hufungua njia ya hewa kidogo na kuongeza esanse ili motere ibebe mzigo. Hewa ikiongezeka, mvuto unapungua kiasi. Mizunguko kushuka kidogo kisha kurudi baada ya sekunde moja au mbili ni kawaida. Lakini kama kipepeo au vali ya ralanti imejaa masizi, au tiyo ya mvuto imepasuka, msaada huo haufiki vizuri. Motere inatetemeka, kisha inazimika.

Hatari iko kwenye freni

Kwa dereva wa teksi, gari kuzimika ni abiria kushuka, na jioni mwenye gari bado anasubiri pesa yake. Lakini kuna lililo zito zaidi. Katika magari mengi ya esanse, mvuto huohuo ndio unaosaidia mguu kukanyaga freni. Tiyo ikivuja, pedali inakuwa ngumu. Motere ikizimika kwenye mteremko, msaada uliobaki unatosha kukanyaga mara chache tu; baada ya hapo freni bado zinashika, lakini zinadai nguvu nyingi ya mguu.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Gari ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo, kisha washa motere. Pedali ikishuka kidogo, mvuto unafika. Isiposhuka, gari iende kwa fundi kabla ya kupakia tena.

Kuanza na kilicho rahisi

Kwanza, zima klimatizeri. Motere ikiendelea kutetemeka, ugonjwa uko kwingine: buji, filtre ya hewa au tiyo. Sikiliza kama kuna mlio wa hewa inayovuja. Safisha kipepeo na vali ya ralanti. Osha pia radiateri ndogo ya klimatizeri iliyo mbele ya gari, kwani ikizibwa na vumbi, kompresa inafanya kazi kwa taabu na kuielemea motere.

Kuna mafundi wanaopandisha ralanti na kuirudisha gari barabarani. Kutetemeka kunatulia na esanse inaliwa zaidi, lakini tiyo iliyopasuka inabaki vilevile, na freni bado zinaitegemea.