Ndai ya Kitambo Ikigoma, Skiza Sauti Yake Kabla Fundi Akule Doh Yako

Hakuna picha inabamba kama Beetle imeegeshwa kando ya ukuta wa Fort Jesus. Ama Peugeot 504 imeoshwa ikang'ara, bibi harusi ameketi nyuma. Shida huja picha zikiisha. Unazungusha ufunguo, ndai inasema "tak", halafu kimya. Nyuma yako tuktuk zinapiga honi, na vichochoro vya Mji wa Kale havina nafasi hata ya kugeuza mkokoteni.

Hapo ndipo wasee huchezwa. Mtu anafungua boneti, anaangalia sekunde mbili, anakushow stata imekufa, leta ngiri kadhaa. Saa zingine ni ukweli. Lakini saa zingine stata iko fiti kabisa, na kilichokufa ni swichi ama waya wa bei ya chai na mahamri. Ndio usilipe bure, jua vile hii kitu inafanya kazi.

Ufunguo ni mjumbe tu

Watu wengi hudhani ufunguo ndio unawasha injini. Zii. Stata ni mota ya umeme yenye njaa: ikianza kuzungusha injini inaweza kuvuta ampea 100, 200 na hata zaidi kutoka kwa betri. Ukipitisha moto huo wote kwa swichi ndogo ya ufunguo, itaungua.

Kwa hivyo kuna mtu wa kati anaitwa solenoidi. Ukizungusha ufunguo, umeme kidogo unaenda kwa koili iliyo ndani yake. Koili inageuka sumaku, inavuta kipande cha chuma, na hicho chuma kinaunganisha nyaya mbili nene: moja ya betri, moja ya stata. Ile "tak" unaskia ndiyo hicho chuma kikigonga. Kwa stata nyingi, chuma hicho hicho kinasukuma gia ndogo ishikane na meno ya flaiwili, na injini inazunguka. Ukiachilia ufunguo, spring inarudisha kila kitu mahali pake.

Kabla ya ufunguo kulikuwa na mkono

Magari ya kwanza yalikuwa yanawashwa kwa kuzungusha chuma mbele ya injini. Injini ikirudi nyuma ghafla, ilikuwa inavunja watu mikono. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliunda stata ya umeme iliyowekwa kwa Cadillac za 1912, na hapo mambo yakabadilika.

Hata baada ya hapo, si kila gari iliwashwa kwa ufunguo. Morris Minor za kwanza zilikuwa na kitufe cha kuvuta kwa dashibodi. Mini za mwanzo, zile za 1959, zilikuwa na kitufe cha kubonyeza sakafuni. Ukinunua ndai kama hiyo na huoni mahali pa kuzungusha ufunguo hadi mwisho, usiseme imeibiwa kitu. Iliundwa hivyo.

Mbona Beetle hugoma ikiwa moto?

Chukua foleni ya feri Likoni. Umeendesha kwa jua, injini imechemka, umezima ukingoja. Watu wakianza kusonga, unazungusha ufunguo: hakuna kitu. Ukingoja ipoe, inawaka kama haijawahi kukosa.

Angalia ramani ya umeme wake. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na injini iko nyuma pia. Lakini ufunguo uko mbele. Kwa hivyo ule umeme mdogo wa kuamsha solenoidi unasafiri hadi mbele, unapita kwa swichi, halafu unarudi tena nyuma. Waya ukizeeka na swichi ikichakaa, umeme unapotelea njiani. Joto nalo linaongeza ukinzani kwa waya na koili, solenoidi inakosa nguvu ya kuvuta. Fundi mwenye rada ataweka rilei karibu na stata, ndio umeme uchukue njia fupi. Hiyo si kazi ya kubadilisha stata.

Jaribu hii kwanza

Washa taa za mbele, weka gia fri, vuta hendbreki, halafu mwambie beshte azungushe ufunguo.

- Taa ziko fiti na huskii chochote: shuku swichi ya ufunguo ama ule waya mdogo wa solenoidi.
- "Tik-tik-tik" ya haraka na taa zinafifia: betri iko chini, ama nyaya zake zimelegea.
- "Tak" moja nzito, taa haziteteleki: vile vishikizo ndani ya solenoidi vimeungua, ama stata yenyewe imechoka.
- Stata inalia "wiiii" lakini injini haizunguki: gia ndogo haishiki meno ya flaiwili.
- Umeachilia ufunguo na stata bado inazunguka: vishikizo vimegandana. Toa waya wa betri haraka.

Adui wa Mombasa ni chumvi

Hewa ya bahari haina huruma. Ile unga ya kijani ama nyeupe kwa vichwa vya betri inazuia umeme kupita. Usisahau waya unaotoka kwa hasi ya betri hadi kwa bodi. Ukishika kutu pale kwa bolti, dalili zake zinafanana kabisa na stata mbovu. Toa hasi kwanza, sugua na brashi ya waya, kaza, paka grisi, rudisha hasi mwisho.

Bisibisi inaweza kukumaliza

Kuna ile mtindo ya kuunganisha vichwa vya solenoidi na bisibisi ndio gari iwake. Inafanya kazi, ndio maana watu hawaiachi. Lakini kama gari iko kwa gia, itaruka mbele na wewe ndiye uko mbele yake. Na cheche karibu na betri inaweza kuilipua, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto.

Usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo pia. Ipe dakika moja ipumue, la sivyo utaichoma mwenyewe.

Na mtu asikwambie ndai ya kitambo ni ya kugoma tu. East African Safari Classic Rally ilianza 2003, na magari ya enzi hizo hukimbia maelfu ya kilomita kwa vumbi na matope. Zinafika kwa sababu kuna mtu anaangalia nyaya kila jioni. Yako anza na ule waya wa hasi.